Kipimo Kilichozidi

Sajini aliulaza mzinga wa viazi juu ya meza ya Inspekta, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema kesi imekwisha.

"Silaha hii hapa. Mwenye silaha yuko mahabusu. Shahidi ameshaandikisha maelezo. Aliyepigwa yuko hospitali, hajitambui tangu jana asubuhi. Na mke wa aliyepigwa, ambaye ni dada yake mpigaji, tumbo moja, anasema ni kaka yake. Unataka nini tena, mkuu? Jalada liende kwa mwendesha mashtaka saa kumi, mimi nikanyoe."

"Utanyoa," alisema Inspekta. "Kwanza niambie hiki kitu kinafanyaje kazi."

Sajini alikitazama. Yalikuwa mabomba mawili ya plastiki, yale ya kupitishia maji. Moja fupi, nene kama paja; jingine jembamba, refu kupita mkono. Yameunganishwa kwa gundi na kukazwa kwa mikanda ya chuma. Kwenye lile nene palikuwa na kifuniko cha kuzungusha, waya mbili, na kitufe kilichong'olewa kwenye jiko la gesi.

"Kinapiga viazi," alisema Sajini.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Na tunataka kumfunga mtu kwa ajili yake. Mlete."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na saba, mwenye rula ya chuma ndani ya mkoba. Kituoni walimwita Mama Rula, kwa siri ambayo yeye mwenyewe aliijua. Alikuwa amepima nyayo, vitasa, urefu wa vivuli, na mara moja pembe za mbuzi aliyedaiwa na wanaume wawili. Neno lake lilikuwa moja: kisichopimwa ni porojo.

Mtuhumiwa aliingia na pingu. Alikuwa fundi wa pampu za maji, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, na mtaani hakuna aliyemwita vingine ila Fundi Pampu. Miezi miwili iliyopita ghala la nafaka lilikuwa limemchukua kufukuza ndege waliokuwa wakishuka kwa maelfu kwenye sakafu ya kuanikia. Yeye akaja na mzinga. Jana saa nne kasoro asubuhi, mtunza ghala alikutwa ameanguka mwisho wa sakafu, paji la uso limebonyea, vipande vya kiazi vimemtapakaa usoni. Mtunza ghala huyo alikuwa shemeji yake.

"Keti," alisema Inspekta. "Nieleze huu mzinga, kama unamfundisha mtu asiyejua chochote."

Fundi Pampu aliutazama kama mzazi aliyemkuta mtoto wake polisi.

"Kiazi kinaingia mdomoni huku. Mdomo nimeunoa, afande, kwa hiyo ukikisukuma unakikata pande zote. Kinabaki kipande cha duara, kama kizibo cha chupa. Nakishindilia kwa fimbo mpaka chini. Halafu nafungua chumba hiki kinene, natia gesi, nafunga. Ndani kuna kifeni cha kompyuta mbovu. Nakiwasha kidogo, gesi ichanganyike na hewa. Kisha nabonyeza."

"Gesi kiasi gani?"

Hapo mgongo wa Fundi ulinyooka.

"Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Watu wanadhani gesi ndiyo yenye nguvu. Gesi peke yake ni bure. Lazima ioane na hewa, na katika ndoa hiyo gesi ni kidogo sana, hewa ndiyo nyingi. Zamani nilikuwa natumia dawa ya nywele ya dada, ile ya kupuliza. Dada ni msusi. Dawa ile haipimiki. Leo inalia, kesho imenuna. Nilimaliza makopo matatu, dada akanifukuza na chanuo mkononi."

Sajini alicheka, kisha akajikohoza.

"Nikahamia gesi ya kopo, ile ya majiko madogo," aliendelea Fundi. "Nikanunua sirinji kubwa ya kunyweshea ng'ombe dawa. Nilijaribu wiki nzima mpaka nikapata kipimo, nikachora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha. Gesi naivuta mpaka mstarini. Sizidishi, sipunguzi."

"Ikipungua?"

"Inafanya *pfu*. Kiazi kinadondoka miguuni."

"Ikizidi?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. "Si nzuri," alisema, akatazama sakafu.

Inspekta aliiona ile nukta ya kusita, akaiacha ilale. Alifungua daftari lililokamatwa pamoja na mzinga. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne zilizopigwa kwa rula: saa, kipimo, upepo, hatua. Fundi alikuwa akihesabu kwa miguu yake umbali ambao kila kiazi kilifika, akaandika. Sitini na mbili. Sitini. Sitini na nne. Miezi miwili, na hapakuwa na kiazi hata kimoja kilichovuka hatua sabini.

Ukurasa wa jana ulikuwa na mistari mitano. Minne imejaa. Wa tano ulikuwa na saa tu, na baada yake nafasi tupu.

"Mstari huu umeishia wapi?"

"Nilisahau kuumalizia."

"Mtu aliyeandika upepo kila siku kwa miezi miwili, asahau?"

Fundi aliuliza kitu kingine kabisa.

"Afande, shemeji anaendeleaje?"

"Hajaamka."

"Dada je?"

"Anasema ni wewe."

Fundi Pampu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa pingu.

"Umeona?" alisema Sajini mlangoni, baada ya mtuhumiwa kurudishwa. "Anaficha kitu."

"Anaficha, ndiyo. Lakini wanaoficha kitu ni wengi kuliko wanaopiga watu. Lete gari."

*

Dada mtu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, mtandio umefungwa kiunoni. Vidole vya msusi havijui kukaa bure. Alikuwa akisuka na kufumua pindo la mtandio, akisuka na kufumua.

"Juzi, mezani kwangu, alimwambia mume wangu atampiga kiazi cha kichwa," alisema kabla hajaulizwa. "Andika hilo, mama."

"Nimeshaliandika. Alisema kwa sababu gani?"

"Mume wangu alimwambia mzinga wake ni mchezo wa watoto, atafute kazi ya watu wazima."

"Alisema kwa hasira, au kwa utani?"

Vidole vilisimama.

"Wakati ule tulicheka sote," alisema. "Sasa sicheki."

"Ulikuwepo ghalani jana?"

"Nilikuwa saluni. Msimamizi wa wapakizi ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia, ndugu yako amezidisha gesi, amemuua mumeo."

"Alitumia neno hilo? Amezidisha?"

"Hilo hilo. Alisema kwa macho yake alimwona akitia mara mbili."

Inspekta alipigia mstari neno moja kwenye daftari lake.

"Dada, mumeo alikuwa na ugomvi na mtu yeyote kazini?"

"Yeye? Yeye anagombana na panya tu." Aliwaza. "Ila wiki hii alikuwa halali vizuri. Aliniambia kuna magunia hawezi kuyatia saini hata wamwekee kisu shingoni. Sikuuliza magunia gani. Nilidhani ni mambo ya kazi tu."

Daktari wa mifupa aliwapokea chumbani kwake, miwani juu ya nywele. Alichukua karatasi na kuchora.

"Mfupa umebonyea hapa, juu ya jicho la kushoto. Pigo moja. Na tazama, upande huu wa jeraha una ukingo wa mviringo, umechongeka vizuri, kama mtu aliyebandika kikombe kwenye udongo mbichi. Nimeupima kwa picha. Huu ndio ukubwa wake hasa."

"Kiazi kinaweza kufanya hivyo?"

"Nimetibu waliopigwa na teke la punda, nyundo, na mlango wa basi. Kiazi bado." Aliivuta droo na kutoa mfuko wa nailoni. "Hivi ndivyo tulivyomtoa usoni."

Inspekta alivigeuza vile vipande kwa ncha ya rula. Vilikuwa vimepondeka, lakini vikubwa vitatu vilikuwa bado na ganda. Aliviunganisha mezani, kimoja ubavuni mwa kingine, mpaka umbo la kiazi likarudi. Ganda lilikizunguka chote.

"Sajini, Fundi alisema kipande kinachopita mtutuni kinakuwaje?"

"Kama kizibo cha chupa."

"Na kizibo kina ganda wapi?"

Sajini alivitazama vile vipande, akamtazama Inspekta, akaviangalia tena. "Mbele na nyuma tu," alisema polepole. "Ubavuni limekatwa."

"Hiki hakijakatwa popote. Twende ghalani."

*

Msimamizi wa wapakizi aliwaletea viti mwenyewe, akavipangusa kwa kofia. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, sauti yake imezoea kushindana na injini. Nyuma yake mashine ya kupepeta nafaka ilikuwa ikinguruma, vumbi jeupe likielea hewani na kutua kwenye kila kitu: meza, mizani, kope za wapakizi. Malori mawili yalikuwa yamegeuzwa kinyumenyume kwenye mlango wa kupakilia, lile la kwanza limejaa nusu.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza Inspekta.

"Shule za bweni, mheshimiwa. Watoto wanasubiri chakula."

"Anayetia saini mzigo kutoka si mtunza ghala?"

"Ni yeye. Lakini na hali hii..." alitikisa kichwa kwa huzuni. "Nimetia mimi, kwa niaba."

Inspekta alimtuma Sajini akapime. Sajini alianzia kwenye kigoda cha Fundi Pampu, pembeni mwa sakafu ya kuanikia, akatembea hatua moja moja kwa sauti mpaka kwenye doa jeusi karibu na turubai, mwisho kabisa wa sakafu. Alirudi akitweta.

"Tisini na saba."

"Sasa," Inspekta alimgeukia msimamizi, "nisimulie tena. Taratibu."

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa mlangoni. Kutoka hapa unamwona Fundi waziwazi. Alitia gesi kwa ile sirinji yake, akafunga. Akaenda kule kufukuza ndege kwa mikono. Akarudi, akafungua, akatia tena! Nikasema moyoni, huyu leo ana lake jambo. Shemeji yake alikuwa kule mwisho, anakagua turubai. Basi akaelekeza, akabonyeza."

"Ukasikia mlio."

"Mlio? Mheshimiwa, radi! Mara mbili ya siku zote. Hata na mashine hii nimeusikia. Mtu akaenda chini kama gunia."

"Wapakizi wako waliusikia?"

"Wale wako chini ya mashine, hawasikii hata majina yao. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni."

"Mara mbili, umesema."

"Gesi mara mbili, mlio mara mbili." Alitandaza mikono yake. "Si hesabu hiyo?"

"Ni hesabu," alikubali Inspekta. Aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu. Msimamizi alisaini bila kusita, kwa herufi kubwa nzuri.

Ilikuwa saa saba na nusu. Garini, walipofika njia panda, Sajini alisema, "Mkuu, huyu anatuua. Kwa kipimo cha kawaida kiazi hakivuki hatua sabini. Mtu alikuwa tisini na saba. Lakini kwa kipimo mara mbili kinafika. Na Fundi anaficha nini kwenye mstari wa tano, kama si hicho?"

"Nakubaliana na wewe."

"Unakubaliana?"

"Kwamba ni hicho anachoficha. Kinachobaki ni kujua kama kinafika. Na hilo haliulizwi mtu, linaulizwa mzinga."

*

Nyuma ya kituo palikuwa na uwanja wa gwaride, na mwisho wake ukuta mrefu wa matofali. Inspekta aliwaondoa watu wote, akaweka askari wawili kwenye mageti, akafunga mzinga kwenye fremu ya kitanda cha chuma ili mtu yeyote asiushike. Kitufe alikirefusha kwa waya mrefu mpaka nyuma ya gari. Fundi Pampu aliletwa, akakalishwa kwenye ngazi na pingu zake, mbali.

"Usiseme neno mpaka nikuulize," Inspekta alimwambia. "Nataka kusikia mzinga, si wewe."

Alifuata daftari kama mpishi mgeni anavyofuata maelekezo. Kiazi mdomoni, fimbo. Sirinji mpaka mstari mwekundu, jicho sawa na mstari, si juu si chini. Kifuniko. Kifeni, huku Sajini akihesabu kwa saa yake. Walirudi nyuma ya gari. Inspekta alibonyeza.

Mlio uligonga ukuta na kurudi. Kunguru waliruka kutoka kwenye paa la kituo. Sajini alikimbia na kuhesabu.

"Sitini na moja!"

Walirudia. Sitini na tatu. Inspekta aliandika yote mawili, pamoja na upepo. Kisha akavuta gesi mpaka mstarini, akatia. Akavuta tena mpaka mstarini, akatia tena. Alipokuwa anafunga kifuniko alimwona Fundi amefumba macho.

"Lala chini, Sajini," alisema nyuma ya gari.

Sajini alilala kifudifudi, mikono juu ya kofia. Inspekta alibonyeza.

*Tk.*

Alibonyeza tena. *Tk. Tk. Tk.* Cheche zilikuwa zikiruka, zilisikika kabisa ndani ya plastiki. Hakuna kingine. Alibonyeza mara ishirini. Sajini aliinua kichwa, uso umejaa vumbi la uwanja.

"Umeharibika?"

"Tutajua."

Walisubiri. Halafu Inspekta alichomoa waya, akaenda, akafungua chumba na kukipepea kwa jalada la kesi mpaka harufu ikaisha. Akatia kipimo kimoja tu, mpaka mstari mwekundu. Kifuniko, kifeni, waya. Alibonyeza, na ukuta ukalia. Sitini na mbili.

Mzinga ulikuwa mzima.

Alirudia kile kipimo cha mara mbili. *Tk.* Alipepea, akatia kimoja: ukalia. Alirudia kwa mara ya tatu, Sajini sasa amesimama, mikono kiunoni, ameshasahau kuogopa. *Tk. Tk. Tk.*

"Sasa sema," Inspekta alimwambia Fundi.

"Imekabwa," alisema Fundi Pampu. "Gesi ikizidi inaila nafasi ya hewa. Cheche inaona gesi tupu, haina cha kushika. Moto wenyewe unakosa pumzi."

"Ndicho kilichotokea jana?"

"Ndicho. Nilitia kipimo, nikafunga. Ndege wakashuka upande wa pili, wengi, nikakimbia kuwafukuza. Niliporudi nimeshasahau kama nimetia, nikatia tena. Nikabonyeza, kimya. Nikajua nimeboronga. Nikakaa chini, nikauinamia na kuupepea kwa gazeti kama dakika tano. Ndiyo maana mstari wa tano hauna kitu, sikupiga. Nilipoinua kichwa, nikasikia kelele, wanasema shemeji amekufa."

"Kwa nini hukusema toka jana?"

Fundi alimtazama kana kwamba swali lilikuwa la kitoto.

"Afande, kila mtu alikuwa anapiga kelele, amezidisha gesi, amezidisha gesi. Mimi niseme, ndiyo, ni kweli nilizidisha? Si ningejivisha kitanzi kwa mikono yangu? Nani angesimama kunisikiliza mpaka nifike kwenye mambo ya hewa?"

Inspekta alifunga daftari.

"Sajini, hesabu."

"Kwa kipimo kimoja hakifiki," alisema Sajini. "Kwa viwili hakiwaki." Alivua kofia. "Basi hakuna kiazi kilichopigwa kumfikia yule mtu. Radi ya msimamizi haikuwepo."

"Kutia gesi mara mbili aliona kweli. Pale hakudanganya. Lakini hajui mzinga unavyofanya kazi, akadhani gesi mara mbili ni nguvu mara mbili, akashona mlio wake mwenyewe juu ya ukweli. Jiulize, kwa nini mtu ahitaji mlio mkubwa kuliko kawaida?"

Sajini alikuwa tayari anakwenda kwenye gari.

"Kwa sababu anajua jeraha ni kubwa kuliko kiazi," alisema.

*

Lori la kwanza lilikuwa linawashwa walipoingia getini. Sajini alisimamisha gari la polisi mbele yake, pua kwa pua.

Msimamizi alikuja akitabasamu. Inspekta alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye mizani kubwa karibu na mlango. Kando yake palikuwa na kisanduku cha mbao cha mawe ya kupimia, ya chuma, ya mviringo, kuanzia kilo kumi mpaka nusu kilo, kila moja ndani ya tundu lake. Vumbi jeupe lilikuwa limeyafunika yote kama yamelala kwenye shuka. Yote, isipokuwa la kilo mbili. Hilo lilikuwa linang'aa.

"Hili limeoshwa," alisema Inspekta.

"Huwa tunayaosha, mheshimiwa. Usafi."

"Moja?"

Alilishika kwa kitambaa, akatandika karatasi ya daktari juu ya mizani, akauweka ukingo wake juu ya ule mviringo uliochorwa. Liliingia. Alichukua rula ya chuma, akapima mchoro, akapima jiwe, akamwonyesha Sajini namba zote mbili. Sajini aliziandika.

"Viazi vya Fundi vinakaa wapi?" aliuliza Inspekta.

"Hapa ghalani," alijibu mpakizi mmoja kabla msimamizi hajapumua. "Gunia lake lile pale, nyuma ya turubai."

"Ahsante. Sajini, magunia."

Sajini alichukua kile chuma chenye mfereji cha kuchomea magunia na kutoa sampuli. Alipanda lori na kuchoma gunia la juu: nafaka safi, ya manjano, ikateremka kwenye kiganja chake. Alichoma la pili, safi. Alishuka safu, akachoma la chini kabisa. Kilichotoka kilikuwa mabonge ya kijani na kijivu, yameshikana, na harufu yake iliwafanya wapakizi warudi nyuma.

Mashine ya kupepeta ilizimwa na mtu. Kimya kilichofuata kilikuwa cha ajabu mahali pale.

"Umesema kiazi kilipigwa kutoka kule," alisema Inspekta. "Kiazi kinachopita mtutuni kinakatwa ubavu. Kile tulichokitoa usoni kwake ni kizima, kimepondwa kwa mkono. Umesema ulisikia radi. Nimetia gesi vipimo viwili, mara tatu leo, mbele ya mashahidi, na sikusikia hata kikohozi. Maelezo yako nimeyaandika neno kwa neno, na saini ni yako. Una la kuongeza?"

Msimamizi alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akaketi.

"Mvua ya wiki mbili zilizopita," alisema. "Turubai lilikuwa zamu yangu. Nikalala. Magunia mia moja na arobaini yakaloa. Miaka kumi na tisa sijawahi kukosea hapa, mheshimiwa. Nikasema, yakichanganywa chini ya mazuri, nani atajua?"

"Watoto wangejua," alisema Sajini. "Kwa matumbo yao."

"Mtunza ghala wiki nzima alikataa kutia saini, na jana akachoma gunia la chini, kama wewe. Akasema anakwenda kupiga simu. Nilimwomba. Nilimwomba, jamani! Akageuka aende, nikamfuata mpaka kule kwenye turubai. Jiwe nilikuwa nalo mkononi, nilikuwa napima." Alikitazama kiganja chake. "Alipogeuka kuniangalia tena nilimpiga mara moja tu. Halafu nikamwona Fundi kule ameinama, anapepea mzinga wake. Na mimi nilikuwa nimemwona akitia mara mbili."

"Ukaona umepewa mtu."

Sajini alimfunga msimamizi pingu, akawaambia madereva wazime injini na kuacha funguo mezani.

*

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa walipofika hospitali. Fundi Pampu aliingia ukumbini nyuma ya Inspekta, akijikuna vifundo vya mikono palipokuwa na chuma. Inspekta alikuwa ameshampigia simu dada mtu, maneno machache, na upande wa pili simu ilikatwa.

Alikuwa pale pale kwenye benchi. Alimwona kaka yake, akasimama.

Walitazamana kwa urefu wa ukumbi. Muuguzi alipita katikati yao na toroli la dawa, magurudumu yakilia, akatokomea kwenye kona. Hakuna aliyesogea.

"Dada," alisema Fundi.

Dada yake alimtazama Inspekta kana kwamba yeye ndiye angeweza kumsemea. "Nilitia saini," alimwambia. "Nilisema ni yeye, nikatia saini."

"Maelezo yale ni yako," alisema Inspekta. "Kesho njoo uandike mengine. Nitakuwa ofisini saa mbili."

"Shemeji je?" aliuliza Fundi. Bado alikuwa amesimama palepale mlangoni.

"Saa tisa alinibana kidole," alisema dada yake. "Daktari anasema ni dalili nzuri. Macho hajafungua."

"Naweza kumwona?"

Dada yake alimjia, hatua baada ya hatua, mpaka wakawa karibu kugusana. Aliinusa kola ya shati lake, akakunja uso.

"Hivyo unavyonuka mahabusu? Hapana. Huingii kwa mgonjwa hivyo. Bomba liko kule, kanawe uso na mikono mpaka viwikoni."

Fundi Pampu alikwenda akanawa. Aliporudi maji yalikuwa yakimdondoka vidoleni, hana pa kujifutia. Dada yake alifungua mtandio kiunoni, akamkausha mkono mmoja, akamkausha wa pili, kidole kimoja kimoja, akichukua muda wake. Kisha akamshika mkono huo huo na kumwingiza wodini.